Komeo liko upande wa nje: namna hofu inavyojengwa katika hadithi fupi ya Kigothi

Jumba kuukuu, radi, popo, mshumaa unaozimwa na upepo: msomaji ameshakutana na vitu hivi mara nyingi hata havimshtui tena. Anayevirundika hupata pambo, hofu haipati. Hofu ya Kigothi, yaani ya utanzu wa hadithi za kutisha za majumba na siri zake, ile inayopanda polepole na kukaa kifuani kabla halijatokea lolote, hutokana na mambo mawili yanayofanya kazi pamoja: mahali panapopunguza njia za kutokea, na msimulizi anayetupa maelezo sahihi huku akificha maana yake au akishindwa kuiona. Moja bila jingine halitoshi. Pango likisimuliwa na mtu anayejua yote na kusema yote, tunapata maelezo ya pango. Na msimulizi mwenye siri akiachwa mahali pasipo na mipaka, msomaji humwacha na siri zake.

Ann Radcliffe, mwandishi wa Uingereza aliyetamba kwa riwaya za Kigothi katika miaka ya 1790, aliacha insha iliyochapishwa mwaka 1826, miaka mitatu baada ya kufariki, ambamo alitenganisha hofu na mshtuko. Hofu, kwa maelezo yake, huipanua nafsi na kuziamsha fahamu. Mshtuko huikunja na kuigandisha. Kabla yake, mwaka 1757, mwanafalsafa Edmund Burke alikwishaeleza kwamba tukishaujua ukubwa wa hatari, na macho yakishaizoea, sehemu kubwa ya woga huondoka. Nayachukulia mawazo haya kuwa kanuni ya kazi. Maadamu maiti haijaonekana, hofu ingali hai. Ikishaonekana, mwandishi amebakiwa na mshtuko wa sentensi mbili tatu. Ndiyo maana karibu hadithi nzima hutumika kabla ya hapo.

Urefu nao una nguvu zake. Horace Walpole alipoufungua utanzu huu mwaka 1764 kwa riwaya yake ya ngome ya Otranto, alikuwa na nafasi ya kumzungusha msomaji kwenye kumbi, ngazi na mahandaki. Hadithi fupi haina anasa hiyo. Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani, akihakiki hadithi za Nathaniel Hawthorne mwaka 1842, alisema simulizi fupi ni ile inayosomeka kwa nusu saa hadi saa mbili, na kwamba mwandishi huanza kwa kuchagua athari moja anayotaka kumwachia msomaji. Sentensi ya kwanza isipoelekea huko, hatua ya kwanza imeshapotea. "The Tell-Tale Heart", aliyoitoa mwaka uliofuata, ina maneno elfu mbili na kidogo tu. Katika nafasi hiyo nyumba moja inatosha, na ndani yake chumba kimoja. Kila chumba unachoongeza bila sababu kinampa msomaji pa kupumulia.

Tazama "The Fall of the House of Usher" ya Poe ya mwaka 1839 inavyoanza. Msimulizi anafika peke yake kwa farasi, siku ya vuli isiyo na sauti, mawingu yameshuka chini. Anaiona nyumba, na huzuni isiyovumilika inamwingia kabla hajajua sababu. Anaorodhesha: kuta tupu, madirisha kama macho yasiyo na mtu nyuma yake, nyasi chache za kinamasi, vigogo vichache vyeupe vya miti iliyooza. Hadi hapo ni orodha ambayo wengi wangeweza kuiandika. Linalofuata ndilo la kusomwa mara mbili. Msimulizi anajadiliana na nafsi yake: huenda vitu hivi hivi vikipangwa kwa namna nyingine, huzuni itaondoka. Basi anamwongoza farasi hadi ukingoni mwa ziwa dogo jeusi lililo mbele ya nyumba, anatazama taswira yake iliyopinduliwa majini. Vitu ni vile vile, mpangilio umebadilika, naye anatetemeka kuliko mwanzo. Njia ya kwanza ya kutokea imezibwa hapo, nayo ni njia ya akili: maelezo ya busara yamejaribiwa mbele yetu na yameshindwa.

Kisha unakuja ufa. Msimulizi anaikagua nyumba kama fundi: kuvu imetanda nje yote na kuning'inia kwenye upenu, jiwe moja moja limeliwa, ila hakuna sehemu ya ukuta iliyoanguka. Mwishoni mwa ukaguzi anasema labda jicho makini lingeona ufa mwembamba unaoshuka kwa kupindapinda kutoka paani hadi kupotelea majini. Unatajwa kwa "labda", halafu hadithi inaingia ndani na kuuacha. Msomaji aliyekua akiisikia methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta hahitaji kuambiwa zaidi. Anaubeba ufa huo kurasa zote za katikati, wakati wenye nyumba wanaugua na kuzikana, hadi mwezi mwekundu unapong'aa kupitia ufa huo huo, ukuta unapasuka, na nyumba inazama ziwani.

Hii ndiyo mbishara tunayofundishwa darasani, yaani kudokeza mapema jambo litakalotokea, lakini kwa anayeandika ina masharti. Kidokezo kiwekwe mapema, katika robo ya kwanza ya hadithi. Kitajwe na mtu asiyekipa uzito. Na kiwe sehemu ya kawaida ya jengo, kitu ambacho kingekuwepo hata kama hakuna baya lolote litakalotokea. Sharti hili la mwisho ndilo linalovunjwa zaidi. Ukiweka sanamu yenye macho mekundu kwenye kona, imejitangaza. Msomaji anaacha kuogopa na kuanza kuisubiri zamu yake.

Hadithi ninayoiona kuwa shule kamili ya kazi hii ni "The Cask of Amontillado" ya Poe ya mwaka 1846. Montresor anamshawishi Fortunato, aliyelewa na kuvaa kofia ya njuga kwa ajili ya sherehe za mjini, ashuke naye chini ya jumba lake akauonje mvinyo. Fuata jinsi mahali panavyobana. Nje kuna mtaa uliojaa watu. Ndani ya jumba hakuna mtumishi hata mmoja, kwa sababu Montresor aliwakataza kutoka huku akijua kwamba akigeuka tu watatoka. Halafu ngazi ndefu ya kuzunguka, halafu mahandaki yenye mifupa ya ukoo mzima, na chumvi nyeupe inayochipuka ukutani kwa unyevu ikizidi kadiri wanavyoshuka. Chumvi hiyo inamkohoza Fortunato. Inampa Montresor sababu ya kumsihi arudi, akijua fika kwamba kusihiwa ndiko kutakakompeleka mbele. Inatupimia pia kina bila mtu kuhesabu ngazi. Mwisho wa njia pana tundu ukutani, na msimulizi anatoa vipimo: kwenda ndani kama futi nne, upana futi tatu, kimo futi sita au saba. Msomaji ameshapima mwili wa mtu kabla hajaambiwa kwa nini.

Montresor anamfunga Fortunato kwa mnyororo ndani ya tundu hilo na kuanza kuliziba kwa ukuta. Ukuta unapoanza kupanda, Poe anahesabu kozi, yaani safu za mawe. Kozi ya kwanza ya mawe imewekwa kwa shida, mara mlio wa chini unatoka ndani ya tundu, wala si mlio wa mlevi tena. Kimya kirefu. Ya pili, ya tatu, ya nne. Mnyororo unatikiswa kwa nguvu, na Montresor anaweka kazi chini, anaketi juu ya mifupa asikilize vizuri. Ya tano, ya sita, ya saba. Ukuta umekaribia usawa wa kifua, mwenge unainuliwa, mayowe yanafumuka. Ya nane, ya tisa, ya kumi. Ya kumi na moja haijakamilika, limebaki jiwe moja.

Angalia kwamba sauti hazikugawiwa sawasawa. Zinakuja baada ya kozi ya kwanza, ya nne, ya saba, kisha kwenye jiwe la mwisho. Kilio kingesikika katika kila kozi, sikio lingezoea mapema na mayowe yangepita bure. Angalia pia kwamba kimo cha ukuta ndicho saa ya hadithi hii. Hakuna anayesema muda unakwisha, mawe yanasema. Sauti ya mwisho kutoka ndani ni njuga za kofia, zile zile tulizoziona mtaani tukadhani ni vazi la sherehe tu.

Usimulizi wa nafsi ya kwanza una tatizo moja linalojulikana: anayesimulia hakufa. Mwandishi mchanga hujaribu kulikwepa kwa kumuua msimulizi katika sentensi ya mwisho, na msomaji hubaki akijiuliza ni nani aliyeyaandika hayo. Mabingwa wa Kigothi hulitatua kwa kuihamisha hatari. Montresor yuko salama kabisa. Anatueleza kwamba nusu karne imepita na hakuna aliyeigusa mifupa ile. Usalama wake ndio unaotisha, na sauti yake ya kusimulia haipandi hata mara moja.

Katika "The Tell-Tale Heart" hatari ni msimulizi mwenyewe, naye anajitetea kwa usahihi. Mwendawazimu, anasema, angewezaje kuwa na mpango kama wangu? Usiku saba mfululizo, saa sita ya usiku, anafungua mlango wa mzee anayekusudia kumuua na kutumia saa nzima kupenyeza kichwa tu. Usiku wa nane kidole gumba kinateleza kwenye kibati cha taa, mzee anaketi kitandani na kuuliza ni nani. Hapo Poe anasimamisha kila kitu. Kwa saa nzima hakuna anayesogeza msuli. Kitendo chenyewe cha kuua kinapita kwa mistari michache. Kusubiri kumepewa aya baada ya aya. Wanaoiga hadithi hii hukosea kwa kumfanya msimulizi apige kelele na kucheka ovyo tangu ukurasa wa kwanza. Wazimu wa mtu huyu uko kwenye mpangilio uliopita kiasi, na zile kelele chache zinapata nguvu kwa sababu zimezungukwa na hesabu.

Njia nyingine ni ya Charlotte Perkins Gilman, Mmarekani, katika "The Yellow Wallpaper" ya mwaka 1892. Msimulizi ni mama aliyejifungua karibuni, mumewe ni daktari, na matibabu aliyopewa ni kupumzika bila kazi yoyote, kuandika kukiwemo. Gilman aliijua tiba hiyo; yeye mwenyewe alikuwa ameandikiwa na daktari S. Weir Mitchell. Kwa hiyo msimulizi anaandika kwa siri na kukatiza anaposikia mume anakuja. Umbo la usimulizi limefungiwa chumba kile kile alichofungiwa mwandikaji: hajui kesho, nasi hatuijui. Chumba kiko juu kabisa ya nyumba. Madirisha yana vyuma, ukutani kuna pete za chuma, kitanda kimepigiliwa misumari sakafuni. Yeye anahitimisha kwamba zamani kilikuwa chumba cha watoto, na baadaye cha mazoezi ya viungo. Maelezo yake hayana ujinga. Mama yeyote angefikiri hivyo. Ila msomaji anaviona vyuma vile vile na kufikiri jambo jingine, na hofu inaishi katika nafasi iliyo kati ya hitimisho lake na letu.

Kuna alama moja humo inayostahili kutazamwa kwa ukaribu. Msimulizi anaona mstari wa uchafu chini ya ukuta, karibu na sakafu, umezunguka chumba chote na kupita nyuma ya kila samani isipokuwa kitanda. Anajiuliza uliwekwaje na nani, basi. Kurasa chache baadaye anatambaa kuzunguka chumba, na anafurahi kwamba bega lake linaingia sawasawa kwenye mstari huo, hivyo hawezi kupotea njia. Hakuna anayetuambia ni lini alianza kutambaa. Kipimo cha bega kimetosha.

Mfano mdogo wa kutengeneza unasaidia hapa. Sentensi dhaifu: "Chumba kilikuwa na giza la kutisha, na nilihisi kuna jambo baya lililotokea humo." Msimulizi ameogopa kwa niaba yetu, kazi imekwisha. Sasa hii:

"Chumba ni kizuri na kina hewa. Komeo la mlango liko upande wa nje, lakini mwenye nyumba amenieleza kwamba wapangaji wa mwanzo walikuwa na mtoto aliyetembea usingizini. Kwenye fremu, juu kidogo ya goti langu, rangi imekwaruzwa hadi kwenye mbao."

Maelezo ya mwenye nyumba yanatosha kwa komeo, na karibu yanatosha kwa mikwaruzo. Hiyo "karibu" ndiyo hofu yenyewe. Ongeza "nikajiuliza ni mtoto wa aina gani", nayo inakufa, maana msimulizi amemnyang'anya msomaji swali lake. Ondoa mwenye nyumba na mtoto wake, inakufa vilevile, kwa sababu komeo limebaki uchi na linapiga kelele. Kitu cha kutisha kinahitaji sababu ya kawaida ya kujifunika, na sababu hiyo iwe fupi kidogo isiweze kukifunika chote.

Giza si sharti. Horacio Quiroga, mwandishi wa Uruguay, mwaka 1907 aliandika hadithi ya mto wa manyoya, "El almohadón de plumas", ambayo nyumba yake ni nyeupe: ua mweupe, nguzo, sanamu za marumaru, kuta zisizo na mkwaruzo hata mmoja, na nyayo zinazovuma nyumba nzima. Bibi harusi anadhoofika siku hadi siku, madaktari hawaoni sababu. Baada ya kifo mto wa kichwa unakutwa mzito kupita kawaida, unachanwa, na ndani yake kuna mdudu aliyevimba kwa damu. Aya ya mwisho inabadilisha sauti. Usimulizi unaacha kilio na kuongea kama kitabu cha elimu ya wanyama: vimelea hivi vya ndege kwa kawaida ni vidogo, katika mazingira fulani hukua mno, damu ya binadamu huwafaa sana, na si nadra kuwakuta kwenye mito ya manyoya. Ubaridi huo unaitoa hofu nje ya hadithi na kuilaza kitandani kwa msomaji.

Julio Cortázar wa Argentina, katika "Casa tomada" ya mwaka 1946, hakutuonyesha kitu kabisa. Kaka na dada wanaishi kwenye nyumba kubwa ya urithi. Msimulizi anatupa ramani yake mapema: maktaba na vyumba upande wa nyuma, ukumbi, mlango mzito wa mwaloni unaotenganisha sehemu mbili. Siku moja sauti hafifu zinasikika nyuma, anaufunga mlango wa mwaloni na kumwambia dada yake kwamba upande ule umechukuliwa. Wanasikitikia vitabu na vitu vilivyobaki huko. Hawaulizi ni nani. Bila ile ramani tusingejua wamepoteza kiasi gani, na bila ule utulivu tusingejua wamekwisha kupotea wao wenyewe.

Unapokaa kuandika, basi, anza na karatasi ya mahali. Chora sakafu ya nyumba, hesabu njia zote za kutokea, zikiwemo za kibinadamu: jirani, barua, daktari, mume anayesikiliza. Panga zitakavyozibwa moja moja, kila moja kwa sababu inayoeleweka. Njia zote zikizibwa kwa mkupuo mmoja, mfano dhoruba imekata barabara na simu usiku huo huo, msomaji anauona mkono wa mwandishi. Chagua vitu vitatu au vinne vya jengo na uvirudishe. Kumi na viwili ni ghala. Harufu na sauti zitangulie macho, kwa kuwa pua na masikio hayasemi kitu kiko wapi hasa. Rasimu ikiisha, pitia na kalamu ukifuta "ghafla", "kutisha", "nilihisi" na alama za mshangao. Pale ambapo hofu imetoweka baada ya kufuta, haikuwepo. Rudi kwenye kitu na kipimo chake.

Mwisho ndipo wengi wanapoharibu, kwa kueleza. William Faulkner, Mmarekani, katika "A Rose for Emily" ya mwaka 1930, anamaliza kwa unywele mmoja. Anayesimulia ni "sisi", mji mzima, na mji unatoa habari bila kufuata tarehe. Harufu mbaya kutoka nyumba ya Emily inakuja kwenye sehemu ya pili, wanaume wanamwaga chokaa usiku, harufu inaisha. Sumu anainunua kwenye sehemu ya tatu, ingawa kwa kalenda ilitangulia harufu. Mchumba wake anatoweka kwenye sehemu ya nne, na humo humo, kati ya habari nyingine, tunaambiwa nywele za Emily ziligeuka kijivu cha chuma katika miaka iliyofuata. Sehemu ya tano mlango wa chumba cha juu unavunjwa, mifupa ya mchumba iko kitandani, kwenye mto wa pili kuna bonde la kichwa, na juu yake unywele mrefu wa rangi hiyo. Hadithi inakoma hapo. Rangi inautaja umri, umri unataja miaka, na hesabu anaifanya msomaji. Rasimu yako ikidai aya nzima ya ufafanuzi baada ya mlango kufunguliwa, kuna kidokezo kinachokosekana huko nyuma. Futa aya hiyo, rudi kwenye theluthi ya kwanza, kiweke mdomoni mwa mtu anayezungumzia jambo jingine.